Kompyuta ya Michezo ndani ya Kasha la PlayStation Kuukuu, na Suala la Njia ya Hewa katika Tambarare za Same



Nimetakiwa kuzungumza mintarafu ya ujenzi wa kompyuta ndogo ya michezo ndani ya kasha la mashine kuukuu ya michezo, nami nimeagizwa nianze kwa maana ya maneno. Nitalifanya hilo upesi, kwa kuwa hapana miongoni mwetu asiyeyajua.

Maana ya maneno

Mashine ya michezo ni kompyuta iliyofungiwa kazi moja. Ile tuijuayo zaidi katika mabanda ya gemu ni PlayStation 2, iliyotoka Japani mwaka 2000, ile nene ya kwanza, ambayo kasha lake lina upana wa milimita 301, kina cha milimita 178 na kimo cha milimita 78. Mazabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, itakayoingizwa humo ni ya Mini-ITX, kipimo kilichotolewa na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, nayo ni mraba wa milimita 170 kila upande. Na ukitoa unene wa plastiki, fundi atajikuta anapiga tupa kingo za ndani kabla bodi haijakubali kukaa. Wala kujenga kompyuta katika chombo kisichokuwa chake si uzushi wa leo: huko Abidjan na katika miji mingine ya Afrika Magharibi vijana wamezijenga ndani ya madumu ya lita 20, wakaziita Jerry, kwa vipande vilivyotolewa katika kompyuta zilizotupwa. Dumu, walakini, lina wasaa. Kasha letu halina.

Sharti moja tu naliweka hapa, kwamba kasha litolewe katika mashine iliyokwisha kufa, aghalabu kwa lenzi, kwa maana PlayStation nzima bado ni riziki ya mtu.

Njia ya hewa

Prosesa iliyo na grafiki ndani yake, kama vile Ryzen 5 2400G ya kampuni ya AMD iliyotoka mwaka 2018, hukadiriwa wati 65, na wati hizo hugeuka joto lisilokuwa na pa kwenda isipokuwa hewani. Chukueni feni inayopitisha kwa kweli mita za ujazo 17 kwa saa: hewa ya mji wetu wa Same, ulio kati ya mita 800 na 900 juu ya bahari na kwa hiyo hewa yake ni nyepesi kuliko ya Tanga kwa takriban sehemu moja ya kumi, itatoka katika kasha ikiwa imeongezeka nyuzi 13 hivi. Vumbi likiupunguza mpito huo kwa nusu, nyuzi zinakuwa 26. Na alasiri ya Februari, chumba kikiwa na nyuzi 32, hewa iliyomo inafika 58 kabla joto la prosesa yenyewe halijahesabiwa. Prosesa hiyo imewekewa kikomo cha nyuzi 95, na inapokikaribia hujipunguzia kasi, mchezo ukaanza kukwamakwama, na mteja akaja kumlaumu fundi kwamba amemwekea memori mbovu.

Lililonichosha miaka yote hii ni kwamba vijana wetu, ambao mikono yao ni mahiri kuliko yangu, hawataki kulikata kasha. Fahari yao ni mtu aione PlayStation kama ilivyotoka kiwandani, asishuku kilichomo. Basi tundu la nyuma lililokuwa la feni ya asili huzibwa kwa soketi za mazabodi, zile nafasi nyembamba za mbele huachwa kama zilivyo, na joto likizidi hununuliwa feni yenye nguvu zaidi, ambayo hunyonya hewa ileile iliyotoka punde katika mapezi ya hitisinki, yaani kipozajoto cha prosesa, ikaitema, ikainyonya tena. Mpare yeyote aliyewahi kulinda zamu ya ndiva, yaani bwawa la umwagiliaji, anajua kwamba kuongeza maji katika bwawa ambalo mlango wake wa kutolea umezibwa si kumwagilia shamba. Nami nashangaa kwamba wajukuu wa wachimba mifereji wanahitaji kuelezwa hili.

Juzi nilifungua mashine iliyotoka katika banda moja la Makanya: skrubu zimekazwa, nyaya zimefungwa kwa ustadi, solda safi; nilipoitoa feni nikakuta baina yake na mapezi utando wa vumbi jeupe la jasi lililochanganyika na nyuzi za katani, mzito kiasi cha kuinuliwa mzima kwa ncha ya bisibisi. Hapa sina budi kusema, kwa heshima zote, kwamba ombi la kipulizo kidogo cha umeme cha kutolea vumbi kwa ajili ya karakana yetu, nililoliwasilisha katika ofisi husika kwa taratibu zote, limekuwa likijibiwa mwaka baada ya mwaka kwamba linashughulikiwa, na mimi si mtu wa kudai kwamba halishughulikiwi. Illa vijana wanaendelea kupeleka mashine zikapulizwe kwa fundi pancha, ambaye kompresa yake hutoa upepo pamoja na maji na mafuta, ikaizungusha feni kwa kasi ambayo beringi zake hazikuundiwa.

Mapendekezo

Napendekeza, kwanza kabisa, kasha likatwe. Ikiwa uso wake wa juu una heshima isiyovunjika, basi na ukatwe upande wa chini, tundu la milimita 90 mkabala wa feni ya prosesa, mazabodi ifungwe kifudifudi, na mashine isimamishwe wima kama PlayStation 2 ilivyoruhusiwa kusimama, tundu likielekea ukutani lakini mbali nao kwa upana wa kiganja.

Pili, nafasi baina ya feni na tundu, ambayo kwa hitisinki fupi ya milimita 37 hubaki kama milimita 20, izungushiwe pete ya sponji, ili feni isipate hewa nyingine ila ya nje. Tatu, tundu liwekewe wavu mwembamba unaotoka kwa mkono bila bisibisi, kwani kisichofunguka kwa urahisi hakisafishwi. Nne, pawasaplai isiingizwe ndani. Itumike mazabodi nyembamba inayopokea volti 19 kutoka adapta ya nje, na hivyo joto lipungue na umeme wa volti 230 usikae karibu na vidole vya watoto. Tano, prosesa ya wati 35, kama 2400GE iliyomo katika baadhi ya kompyuta ndogo za ofisi, ipendelewe kuliko ya wati 65, fahari ya mwenye mashine ihifadhiwe kwa mambo mengine.

Sita, na hili ni la kwanza kwa maneno mengine, tundu la nyuma la kutolea hewa lisizibwe kwa soketi. Saba, mashine isipokelewe kuwa imekamilika kwa sababu imechezwa asubuhi huko Chome mlimani penye ubaridi. Iteremshwe mjini, ichezwe saa nzima baada ya adhuhuri, mlango umefungwa, na nyuzi za prosesa ziandikwe daftarini kila dakika kumi.

Nane, kasha likatwe. Tisa, ofisi husika, ikiona vyema, ilijibu ombi la kipulizo kabla ya Januari.