Kutopata Nako ni Kipimo

Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga, Kahama na Geita, mtafiti wa madini anajua kwamba uchorongaji usiotoa dhahabu haujapotea bure: sampuli ya mwamba ikipimwa ikakosa kitu, ramani imepata mpaka. Wanafizikia nao hutumia hoja hiyo kuupima ulimwengu ulipokuwa haujatimiza hata sekunde moja. Wanachotafuta ni mashimo meusi ya kale.

Mashimo meusi tuliyoyazoea hutokana na nyota kubwa zilizokufa. Mwaka 1971 Stephen Hawking alieleza kuwa mengine yangeweza kuzaliwa kabla ya nyota yoyote, pale ambapo vitu vya mwanzo vilirundikana kupita kiasi vikaporomoka. Rundo lililochelewa kuporomoka lilizaa shimo zito zaidi, kwa hiyo uzito wa shimo unatuambia lilizaliwa lini. Mwaka 1974 akaongeza kuwa shimo jeusi huvuja mnururisho na kukonda polepole hadi kulipuka. Yaliyozaliwa na uzito wa karibu tani milioni 500 yangekuwa yanalipuka zama zetu. Darubini za H.E.S.S. nchini Namibia zimeitafuta milipuko hiyo bila kuiona, na miali ya gama iliyotapakaa angani, ambayo mashimo hayo yangeitoa, ni hafifu mno kuruhusu mashimo mengi ya aina hiyo. Maana yake, marundo makubwa ya kiasi hicho yalikuwa adimu: ulimwengu mchanga haukuwa na mabonde na vilima vya kutisha.

Kuna atakayepinga: kutoonekana si kutokuwepo, tena mnururisho wa Hawking wenyewe haujawahi kuonekana. Pingamizi hilo lina uzito, ndiyo maana ipo njia isiyotegemea mnururisho huo. Mwaka 2014 darubini ya Subaru, Hawaii, iliitazama galaksi ya Andromeda kwa saa 7, ikisubiri nyota ing'ae kwa muda pale mvutano wa shimo linalopita mbele yake unapokusanya mwanga wake. Kama maada yote ya giza, yaani maada isiyoonekana inayojulikana kwa mvutano wake tu, ingekuwa mashimo ya uzito unaonaswa na darubini hiyo, matukio yangekaribia 1,000. Ilipatikana dalili moja tu. Mashimo mepesi zaidi, ya uzito wa asteroidi, bado yana nafasi, kwa kuwa kila chombo hufika kina chake. Hivyo hatusemi hayapo. Tunasema ni kiasi gani hayawezi kuzidi, na kwa uzito upi. Siku likithibitishwa shimo jepesi kuliko Jua, ambalo nyota haiwezi kulizaa, hesabu za mwanzo wa ulimwengu zitaandikwa upya.