Siku Matokeo Yanapotoka: Mtazame Mtoto Kabla ya Karatasi

Ni mimi muuguzi wako wa jamii. Leo ninaongea na mama, na baba, na nyanya, na shangazi, na kila mtu anayelea mtoto, awe wake au wa mwenzake. Punguza moto wa jiko kidogo, vuta kigoda, tuongee.

Wewe unayeishi huku kwetu Eastlands unaijua siku ya matokeo ya kidato cha nne. Zamani ilibidi mtoto aende shuleni akasome jina lake kwenye karatasi iliyobandikwa ubaoni. Siku hizi simu inalia, na kabla mtoto hajafungua mdomo, ploti nzima inajua. Orofa ya tatu mama anapiga vigelegele na soda zinanunuliwa. Orofa ya pili mlango umefungwa na redio imezimwa. Leo nataka kubisha huo mlango uliofungwa.

Nikusimulie kisa kimoja. Jina silitaji. Mwaka fulani, mwezi wa Januari, mama mmoja alileta mtoto wake mdogo kliniki kupimwa uzani. Nikiwa ninaandika kwenye kitabu cha mtoto, akaniambia kama mtu anayeongea juu ya mvua: "Sista, yule wangu mkubwa ana madharau siku hizi. Tangu matokeo yatoke hali chakula changu. Amelala tu anatazama ukuta. Jana ameniambia nisijisumbue tena na karo yake, hizo pesa nimwekee mdogo wake. Na vile viatu vyake vipya amempa kijana wa jirani."

Niliweka kalamu chini. Nikamwuliza siku matokeo yalipotoka alimwambia nini. Akasema, "Hakuna. Nilimwambia tu kwamba nimeuza mboga miaka minne bure."

Mama huyo hakuwa mbaya. Alikuwa amechoka. Anaamka saa tisa usiku kwenda sokoni, na kila senti ilikuwa imeingia kwenye karo. Lakini kijana alilisikia lile neno "bure" na akalichukua kuwa jina lake. Nilimwomba mama amlete siku hiyo hiyo. Alipokuja nilimwuliza waziwazi kama amefikiria kujiua. Alinyamaza muda mrefu, kisha akalia. Alikuwa amefikiria, na alikuwa ameshachagua siku.

Kijana huyo yuko hai. Tulimpeleka akaonwa na daktari na mshauri, na kwa wiki kadhaa mama yake alitandika godoro karibu na lake. Hakuenda chuo mwaka huo. Baadaye mjomba wake alimchukua kwa fundi wa kuchomelea vyuma pale Kariobangi Light Industries. Bado kuna siku anakuwa kimya, na mama yake siku hizi hamwiti mwenye madharau. Anamwuliza.

Mama, neno langu la leo ni hili moja. Matokeo yanapotoka, mtazame mtoto kwanza. Karatasi itangoja. Kozi zitangoja. Wiki mbili za kwanza ni za kumlinda mtoto.

Kwanza tuondoe aibu. Wengi wetu tunadhani mtoto ambaye hakupata alama ya kwenda chuo kikuu ni wetu peke yetu. Sikiliza hesabu. Katika mtihani wa KCSE wa 2024, watahiniwa walikuwa zaidi ya 960,000. Waliopata C+ na zaidi, yaani alama ya kuingia chuo kikuu, walikuwa kama 246,000. Katika kila watoto wanne, watatu hawakufika hapo. Kwa hivyo ule mlango uliofungwa orofa ya pili si mmoja. Ni milango mitatu kwa kila mmoja unaopiga vigelegele. Sisi hatuisikii tu, kwa sababu huzuni haina kelele.

Sasa, utajuaje kama ni huzuni ya kawaida au ni hatari? Huzuni ya kawaida ipo. Mtoto atalia, atakosa hamu ya chakula siku mbili tatu, hatataka wageni. Kisha polepole atatoka nje, atacheka na rafiki, ataomba chapati. Hiyo muachie nafasi.

Dalili za hatari ni hizi. Anakosa usingizi usiku baada ya usiku, au analala mchana kutwa. Hali. Haogi. Anasema maneno kama "mimi ni mzigo" au "mngekuwa sawa bila mimi." Anagawa vitu vyake anavyovipenda. Anaaga watu kwa namna isiyo ya kawaida. Anaanza kunywa pombe au kuvuta bangi ambayo hakuwa akivuta. Na hii moja wengi haiwashtui: mtoto aliyekuwa na huzuni kubwa anatulia ghafla, kana kwamba ameamua jambo. Ukiona dalili hizi, usingoje Jumatatu.

Dalili hizi haziko kwa waliopata alama za chini tu. Mtoto aliyetarajiwa kupata A akapata B anaweza kuumia kuliko aliyepata D, hasa kama mtaa mzima ulikuwa umemwita daktari tangu darasa la tano.

Utafanya nini? Kwanza, mwulize. Mwulize mkiwa wawili, pengine mkichambua sukuma au mkianika nguo, kwa sababu mtoto huongea vizuri zaidi mikono ikiwa na kazi. Mwambie, "Mwanangu, naona umebeba kitu kizito. Je, umefikiria kujiua?" Najua neno hili ni gumu mdomoni. Wengi wanaogopa kwamba ukilitaja utampa mtoto wazo. Si kweli. Ukimwuliza unamfungulia dirisha. Mtoto anayefikiria hivyo huwa anangoja mtu mmoja tu amwulize.

Pili, akikujibu, sikiliza. Usimpige, usimhubirie, usimwambie unamletea mkosi. Mwambie, "Asante kwa kuniambia. Sitakuacha peke yako." Kisha usimwache peke yake kweli. Mama wa kibandani akiwa hana wa kumwachia, amwombe dada, jirani anayemwamini, au mwenzake wa chama.

Tatu, ondoa vitu vya hatari nyumbani. Ile sumu ya panya na ya mende inayouzwa barabarani, itoe ndani ya nyumba. Dawa za presha za nyanya na mabaki ya dawa za zamani, zifungie au ziweke kwa jirani. Wazo la kujidhuru mara nyingi huja kwa nguvu kisha likapungua. Kama kitu cha hatari hakiko karibu saa hiyo, umempa mtoto nafasi ya kuiona kesho.

Na iwapo mtoto amekwisha kumeza kitu, usimpe maziwa, usimnyweshe maji ya chumvi, usimtapishe. Mambo hayo yanaweza kumzidishia madhara. Chukua pakiti au chupa ya kile alichomeza na mkimbize hospitali mara moja. Walio Kayole, Umoja, Komarock na Dandora wana Mama Lucy Kibaki. Popote ulipo, nenda kwenye hospitali iliyo karibu.

Hapa kuna mama anayeniuliza, "Sista, nikimpeleka si watamshika?" Swali hilo ni la haki. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria ya jinai kilisema kujaribu kujiua ni kosa, na familia nyingi zilificha wagonjwa kwa kuogopa polisi. Tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu hapa Nairobi iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Na jambo la kukumbuka, siku hiyo hiyo ndiyo matokeo ya KCSE ya 2024 yalitangazwa. Mama, mtoto wako ni mgonjwa, si mhalifu. Mpeleke.

Kama hali si ya dharura lakini una wasiwasi, anza na kituo chako cha afya, au mwambie mhudumu wa afya ya jamii anayepita kwenye ploti yenu. Akihitaji daktari wa akili ataelekezwa, pengine hadi Mathari kule barabara ya Thika. Kwenda Mathari si kuwa mwendawazimu, kama vile kwenda kliniki ya meno si kuwa kibogoyo. Kwa simu, piga 116 kwa mambo ya watoto, au 1199 ya Msalaba Mwekundu upate mshauri. Namba hizo hazikati pesa.

Nikumbushe pia kuhusu ile miezi mirefu ya kungojea. Mtoto amemaliza mtihani Novemba, na masomo ya chuo pengine yataanza Septemba. Katikati hapo ndipo wasichana wetu wengi hugeuzwa yaya wa bure bila hata kuulizwa wanataka nini, na baadhi yao huanza kutafuta faraja kwa mtu atakayewapa mimba na kupotea. Wavulana nao huishia kwenye jaba na kamari za simu. Mtoto anahitaji kazi ya mikono, muda wa kutoka, na mtu mzima anayemwongelesha bila kumgombeza. Kazi za nyumbani wagawane wote, pamoja na wavulana.

Wiki mbili zikipita na mtoto anakula na kulala, sasa leta ile karatasi mezani. Keti naye, mtoto ndiye ashike kalamu. Kwa walio na KCSE, KUCCPS haipeleki watu vyuo vikuu peke yake. Hupeleka pia vyuo vya ufundi. Kozi za diploma huanzia C-, za cheti huanzia D, na ufundi stadi huwapokea hata wenye D- na E. Aliyejifunza kazi kwa fundi anaweza kufanya mtihani wa NITA, pale Industrial Area, apate cheti cha serikali cha kazi yake. Anayetaka kurudia mtihani aamue mapema, maana darasa la mwisho la mfumo wa 8-4-4 ni la 2027.

Tahadhari: msimu huu miti na nguzo zote za stima hujaa matangazo ya vyuo. Kabla ya kutoa hata shilingi mia moja, uliza kama chuo kimesajiliwa na TVETA. Mtoto aliyevunjika moyo mara moja kwa alama, tusimvunje mara ya pili kwa matapeli.

Na wewe mwenye mtoto wa mtaala mpya, usidhani hili halikuhusu. Mtihani wa KJSEA wa gredi ya tisa ulifanywa mara ya kwanza 2025. Hakuna kufeli, kila mtoto huendelea na shule ya sekondari ya juu, kwenye sayansi, au masomo ya jamii, au sanaa na michezo. Lakini nimeshasikia mama wakiulizana kwenye foleni ya maji, "Wako alipata pointi ngapi?" Mtoto wa miaka kumi na minne amesimama hapo na mtungi wake, anasikia.

Nikuambie kidogo juu yangu. Mimi nilipata C. Shangazi aliuliza mbele ya wageni, "Hiyo C ni ya kufanyia nini?" Nilitamani ardhi inimeze. Mama yangu alikuwa anamimina chai. Hakumjibu. Alinipa kikombe changu kwanza kabla ya wageni, kisha akaendelea na wengine. Hakunipa hotuba hata moja. C hiyo ndiyo iliyoniingiza chuo cha uuguzi, lakini siku ile hakuna aliyejua hilo, hata yeye. Alinipa chai nikiwa sina jibu lolote. Na mimi nimewahudumia vijana wengi ambao hawakupewa kikombe hicho.

Mwisho, mama, wewe pia una moyo. Ulibeba kilo nyingi kwa miaka minne. Kama umeumia, lia, lakini lia kwa rafiki au kwa chama, si kwa mtoto. Na kama neno baya limeshakutoka, kama yule mama wa mboga, bado kuna nafasi. Rudi umwambie, "Nilikosea. Haikuwa bure." Mtoto hasahau neno baya, lakini pia hasahau mzazi aliyerudi.

Mambo ya kukumbuka:
1. Wiki mbili za kwanza, mlinde mtoto. Mipango baadaye.
2. Ukiona dalili za hatari, mwulize waziwazi kama anafikiria kujiua, na usimwache peke yake.
3. Ondoa sumu na dawa nyumbani.
4. Amemeza kitu: hakuna maziwa, hakuna kutapisha. Hospitali, na pakiti mkononi.
5. Simu za bure: 116 na 1199.
6. Usilinganishe mtoto na wa jirani.

Kwa leo naomba tuishie hapo. Ukimaliza kusikiliza, fanya jambo moja tu: mmiminie chai. Hadi tutakapokutana tena, ni mimi muuguzi wako wa jamii. Kwaheri.