Kuunganisha Pande Mbili za Bodi ya Saketi: Waya au Mrututu?



Anayejitengenezea bodi ya saketi nyumbani hupata shida pale saketi inapokua. Upande mmoja ukijaa, njia za shaba hukosa pa kupitia, basi anachukua bodi yenye shaba juu na chini. Hapo tundu linabadilika kazi. Mwanzo lilikuwa la kushika mguu wa rezista tu. Sasa linatakiwa kupitisha umeme kutoka upande mmoja hadi mwingine, na ukuta wake ni nyuzi za kioo zilizoshikwa na epoksi, ambazo hazipitishi umeme. Kiwandani ukuta huo hupakwa shaba. Sisi tutumie nini?

Jibu langu ni waya, na nianze na hesabu kwa sababu wengi wanauona waya kuwa njia ya asiye na uwezo. Tundu la milimita 0.8 lililopakwa shaba ya mikromita 25 lina shaba yenye eneo la milimita za mraba 0.06 hivi. Mguu wa rezista uliokatwa, wenye kipenyo cha milimita 0.6, una 0.28. Waya unashinda zaidi ya mara nne. Tena bodi ikipata joto hutanuka kwa unene wake kuliko shaba, na ganda jembamba ndani ya tundu linaweza kupasuka. Waya hauna hofu hiyo.

Ugumu wake uko mikononi. Ukitumbukiza kipande kilichonyooka, ukakilehemu juu kisha ukageuza bodi, joto la upande wa pili huyeyusha lehemu ya kwanza na kipande kinadondoka. Mimi nashona. Nachukua waya mrefu uliokwanguliwa ukang'aa, naupitisha tundu hili kutoka juu, naurudisha kwa jirani yake kutoka chini, kama anayeshona mkeka, hadi safu yote iishe. Nalehemu kila tundu juu na chini huku waya ukiwa umekaza wenyewe, ndipo nakata vipande vilivyovuka baina ya tundu na tundu. Asubuhi moja inatosha kwa matundu 60.

Lakini ushoneni kwa macho makali. Niliwahi kutengeneza kidhibiti cha kuchaji betri kwa sola, kikawa kinafanya kazi usiku mezani na kuzima mchana juani. Nilipima kila tundu kwa multimita, ikalia kila mara. Siku ya tatu nikagundua kwamba ncha ya kipimio ndiyo iliyokuwa ikiusukuma waya ukagusa shaba. Chini sikuwa nimelehemu kabisa. Tangu hapo sigusi tundu. Naweka ncha kwenye njia za shaba, mbali na tundu, kisha nautikisa waya kwa kijiti cha mbao. Mlio ukikatika, hata kwa kufumba na kufumbua, narudia kulehemu.

Sasa upakaji wa shaba, maana najua mmeusubiri. Unafanyika nyumbani, ila mpangilio wa kazi unageuka: matundu hutobolewa na kupakwa shaba kabla ya kuchora na kula njia kwa kemikali, kwa sababu umeme unahitaji shaba yote ya bodi iwe kitu kimoja ili ufike kila tundu. Ukuta hupakwa wino wa grafaiti, ukapulizwa usizibe, ukakaushwa. Bodi hutumbukizwa katika maji yenye mrututu na asidi ya salfuriki, katikati ya vipande viwili vya shaba, ikiunganishwa na hasi. Vipande vile viunganishwe na chanya. Kwa ampea 2 kwa kila desimita ya mraba, saa moja huongeza mikromita 26 hivi juu ya uso wa shaba. Bodi ya sentimita 10 kwa 10, pande zote mbili, inataka ampea 4. Itikiseni bodi, kwani kiputo kimoja cha hewa ndani ya tundu huacha kovu lisilo na shaba. Asidi itiwe kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi, na maji yaliyotumika yasimwagwe mtaroni, kwa kuwa shaba ni sumu kwa samaki.

Gharama yake isiyosemwa ni hii: shaba hunenepa hata juu ya bodi. Ile ya mikromita 35 inafika 60 na ushee, kemikali inachelewa kuila, na njia nyembamba zinaliwa ubavuni kabla kazi haijaisha. Kwa bodi moja mbili, sioni faida. Kwa darasa linalotaka kuona elektrolisisi ikifanya kazi ya kweli, nafundisha kwa furaha.

Matundu mengi ya kuunganisha yanaepukika mezani, wakati wa kuchora. Mguu wa rezista unalehemeka pande zote mbili, kwa hiyo njia ivukie hapo. Soketi ya aisii na kapasita kubwa hufunika upande wa juu, na pasi ya kulehemu haifiki. Tundu la kuunganisha likae nje ya vifaa hivyo, milimita chache pembeni.

Mchana kila kikundi kitapewa bodi yenye matundu 12, nusu yake chini ya soketi. Tafadhali shoneni na kupima kwanza, soketi ziwekwe mwisho.