Nikopeshe roho moja

Hotuba ya vijana wa chama kwenye mkutano mkuu, Bunia. Tunaichapa hapa jinsi ilivyosomwa.



Tumepewa dakika kumi na tano. Kwenye programu ya leo wameandika «Matumizi ya batri na mapano ya jua». Lakini wote munajua kinachozungumzwa: ni ile sale ya jeu, chumba kidogo nyuma ya ofisi, televizio moja, manete mbili, na batoto makumi mawili wakingojea zamu. Wazee wamesema wazi: «Batu ya Ulaya banatupa batri juu ya mwangaza na telefone, nyiye munaichezea!» Maneno hayo tuliyasikia, na hatukuja kuyakana. Tumekuja kueleza.

Kwanza tuseme kosa letu, tusingoje kuulizwa. Mwezi wa nane batri ilikufa. Ilikufa kwa sababu yetu. Tuliacha vijana wacheze mpaka usiku, tukaifyonza mpaka chini kabisa siku nyingi mfululizo, na batri ya namna ile haivumilii. Mama mmoja mwenye kushona alikosa taa siku tisa, na kazi ya arusi ikamponyoka. Tulimwomba msamaha nyumbani kwake, na leo tunamwomba mbele yenu. Batri mpya ilikuwa dola 160. Tumekwisha kulipa 95 kwa mikono yetu, kwa kubeba matofali na kuchaji telefone za watu. Zinabaki 65. Karatasi iko kwa Mama wa sanduku, yeyote anaweza kuisoma.

Sasa turudi nyuma, kusudi mujue mchezo ulitoka wapi kwetu.

Mwaka 2003, mwezi wa tano, majeshi ya Uganda yalipotoka Bunia na vita ikaingia ndani ya kartie, sisi tulikuwa watoto wa miaka nane mpaka kumi na moja. Tulikuwa wanne, wa avenue moja. Familia zetu zilishuka Kasenyi kwa miguu, zikavuka ziwa Albert kwa mtumbwi wa moteri, na mwisho tukafika kambi ya Kyangwali. Wengi wenu mulipita njia ileile, hatuna haja ya kuwaeleza.

Kule kambini kulikuwa kibanda cha filamu. Mchana, kabla ya filamu kuanza, mwenye kibanda alikuwa anafunga kwenye televizio kile kimashine cha Kichina, chenye kaseti ya rangi ya manjano iliyoandikwa kwamba ina michezo mamilioni. Ukihesabu vizuri ilikuwa kama kumi na tano tu, iliyorudiwa na majina mengine. Shilingi 200 za Uganda watu wawili, mpaka mufe. Kufa ndani ya mchezo, tunataka kusema.

Mchezo wetu ulikuwa Contra. Watu wawili wanakimbia pamoja, mmoja suruali ya bleu, mwingine nyekundu, adui wanatoka kila upande. Lakini televizio ya kibanda ilikuwa ya rangi nyeusi na nyeupe, basi bleu na nyekundu zote zilikuwa kijivu. Ulikuwa unamjua mwenzako kwa namna anavyoruka tu. Mpaka leo tunaweza kutambuana hivyo: huyu anaruka mapema, yule anangoja sana.

Kila mmoja anaanza na roho tatu. Zikiisha, mchezo haukufukuzi mara moja. Unaweza kubonyeza na kukopa roho moja kwa mwenzako, kama anazo. Hakuna anayeulizwa ndani ya mashine. Lakini sisi tulikuwa tunaketi bega kwa bega kwenye benchi moja, kwa hiyo ilibidi kuuliza. «Nikopeshe roho moja.» «Nakupa, lakini usikimbie mbele!» Maneno hayo tuliyasema maelfu ya mara. Mwenzetu mmoja ndiye aliyekuwa anatoa sana. Alikuwa mdogo kuliko sisi wote na alicheza vizuri kuliko sisi wote. Alikuwa anatoa mpaka anabaki na moja, kisha anafa nayo pamoja nawe.

Mahali pa hatari palikuwa kwenye maporomoko ya maji, hatua ya tatu. Pale munapanda kwenda juu, na picha inapanda pamoja na yule aliye juu. Aliyebaki chini, picha ikimwacha, anakufa. Si adui aliyemuua, ni mwenzake aliyekimbia. Tulipigana ngumi juu ya maporomoko yale! Mwisho tukafanya sheria: aliye juu anasimama, anahesabu mpaka mwenzake afike, ndipo anaruka tena. Kwa sheria ile tulifika mwisho wa mchezo mara ya kwanza, na mwenye kibanda akatupa mchezo mwingine bure.

Baadaye kijana mmoja alituonyesha siri: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Unapata roho 30. Mjapani aliyeitunga, Kazuhisa Hashimoto, aliiweka kwanza ndani ya mchezo mwingine, Gradius, mwaka 1986, na alikufa mwaka 2020. Tulifurahi sana siku mbili. Siku ya tatu tukaona kitu: mwenye roho 30 hamwombi mtu, wala hangoji mtu. Kila mmoja alikimbia kivyake. Tukaiacha siri, tukarudi kwenye tatu.

Mchezo wa pili ulikuwa wa vifaru, Battle City. Huu nao ni wa zamani, wa mwaka 1985. Nyinyi wawili munalinda tai aliyewekwa chini katikati, amezungukwa na matofali. Adui ni 20 kila hatua. Ukimpiga mwenzako kwa bahati mbaya, hafi, ila anaganda pale, hawezi kutembea, na adui wanapita. Na risasi yako mwenyewe ikimgusa tai, mchezo umeisha, hata kama mungali na roho nyingi. Mchezo hauulizi nani alipiga.

Tulirudi Bunia mwaka 2008, kila familia kwa wakati wake. Tulikuta mji una sale za jeu kila kartie, toka Mudzi-Pela mpaka Nyakasanza: PlayStation 2, jenereta inalia nje, franka 100 mpira mmoja. Hapo tulicheza Pro Evolution, wawili upande mmoja kupinga mashine, au kupinga wawili wa kartie nyingine. Hatutasema mengi hapo. Mpira munaujua, na ugomvi wake munaujua: kila mtu anataka kupiga golini, hakuna anayetaka kutoa pasi.

Tuje kwenye jambo lenyewe.

Mwezi wa kumi na mbili 2017, moto uliwaka upya Djugu. Mwaka 2018 Bunia ilijaa wakimbizi wa ndani, na wengine walivuka tena ziwa, kama 2003. Sisi wanne, hatukuwa tena wanne. Yule mdogo, yule mwenye kukopesha, ndugu zake walikuwa upande mmoja, na wa wawili kati yetu walikuwa upande mwingine. Nyumba ya baba yake iliunguzwa. Mmoja wetu alisema neno mbele ya watu, neno la kijinga, kama vile nyumba ile ilistahili. Neno lilimfikia kabla ya jioni. Alivuka ziwa bila kutuaga. Tulipiga telefone, haikuita. Tulituma ujumbe kwa mama yake mdogo, haukujibiwa. Miaka miwili.

Wakati ule vijana wote walikuwa wanacheza Free Fire kwenye telefone. Munashuka kisiwani kwa parashuti, watu 50, katika vikundi vya wane wane. Ukipigwa ndani ya kikundi, haufi mara moja. Unatambaa chini, na mwenzako anaweza kuja kukuinua. Lakini lazima asimame karibu yako sekunde kadhaa bila kupiga, na wakati ule yeye ndiye anaonekana na adui wote. Wengi hawaji. Wanaona ni hasara.

Usiku mmoja tulikuwa watatu, kila mmoja kitandani kwake, na megabaiti za mwisho za siku. Mtu akaomba kuingia nafasi ya nne. Jina hatukulijua. Hakufungua mikro, hakuandika kitu. Tukamkubali. Tuliposhuka, mmoja wetu akasema: «Muangalie namna anaruka.» Hakuna aliyejibu. Tulicheza dakika kama kumi na tano. Yule aliyesema neno la kijinga ndiye aliyepigwa kwanza, uwanjani kabisa, pasipo ukuta. Na yule wa nne alitoka nyuma ya nyumba, akakimbia mpaka pale, akasimama, akamwinua. Alipigwa alipokuwa anamwinua wa pili.

Usiku uleule aliyesema neno aliandika: «Nisamehe.» Jibu lilikuja kesho yake: «Cheza kwanza. Tutasema nikirudi.»

Tulicheza hivyo karibu miaka mitatu, yeye Kyangwali, sisi hapa. Halafu akarudi. Leo ameketi mstari wa tatu, na ameturuhusu kueleza haya, ila jina hapana. Tusiwadanganye: mchezo haukujenga nyumba ya baba yake. Shamba lao mtu mwingine analilima mpaka sasa, na mambo yale yako mbele ya wazee, si mbele ya manete. Tunachosema ni kidogo tu. Wakati hatukuweza kuketi na kuongea, kulikuwa mahali pamoja ambapo tuliweza kusaidiana bila kuongea. Mahali pale palitutunzia urafiki mpaka tukapata maneno.

Baba zetu munauliza, na ni haki yenu: «Batoto hawa baliona bunduki kweli. Juu ya nini kuwapa bunduki ya televizio?» Swali hilo lilitupiga. Mwezi wa tatu, mtoto mmoja wa sait ya wakimbizi aliingia, akasikia mlio wa bomu ndani ya mchezo, akakimbilia chini ya meza, akakojoa. Tulizima mashine siku ile. Tangu hapo Contra na vifaru havichezwi pale, isipokuwa na wakubwa, bila sauti. Watoto wana mpira, wana mbio za magari, wana mchezo wa kupika ambamo wawili wanakata nyanya na kuosha sahani mbio mbio, na wanagombana kuliko kwenye vita.

Na sheria zimeandikwa ukutani. Hakuna kucheza peke yako. Unaketi na mtu asiye wa nyumba yenu wala wa avenue yenu. Hakuna anayeuliza kabila wala kijiji. Aliye mbele anangoja. Na tangu batri ilipokufa, tumeongeza ya tano: saa kumi na moja jioni tunazima, taa za mafundi ndizo za kwanza.

Tunawaomba nini? Hatuombi pesa. Tunaomba sale ifunguliwe siku tatu kwa juma, mchana tu, jua likiwa linachaji. Tunaomba miezi mitatu kumaliza zile dola 65. Tunaomba mama mmoja wa chama awe na ufunguo, si sisi. Na kwa ndugu zetu munaotuma misaada: mukiona kwenye raporo neno «jeu», musifikiri tumewadharau. Njooni muketi kwenye benchi na mtoto musiyemjua, mushike manete ya pili.

Chama hiki chenyewe kimejengwa namna gani? Mtu akifiwa, akikosa karo, akirudi na kukuta paa hakuna, anasimama hapa na kusema: nikopesheni. Na wengine wanatoa, hata wenye kubaki na moja. Sisi tulijifunza kusema neno hilo kwenye benchi la kibanda, tukiwa na njaa, kambini. Pale pia tulijifunza kwamba aliyekopeshwa asikimbie mbele.

Batri tuliiua, tutailipa.

Baada ya hotuba na mabishano ya saa nzima, mkutano uliamua: sale ifunguliwe siku mbili kwa juma, si tatu, kwa muda wa miezi sita, ufunguo ukae kwa mama fundi wa kushona. Hesabu ya batri itasomwa tena kwenye mkutano ujao.