Moyo Unapodunda: Hofu na Kujihami



Ndugu zangu vijana, na wazazi wetu mlio nasi, hebu tuulizane. Umekabwa kichochoroni ukitoka tarawehe. Magoti yanatetemeka, mdomo umekauka, sauti haitoki. Je, wewe ni mwoga? Wengi tutasema ndiyo. Mimi nasema la.

Mtazame Muhammad Ali. Tarehe 25 Februari 1964, huko Miami Beach, Marekani, akiwa na miaka 22 na bado akijulikana kama Cassius Clay, alikuwa apigane na Sonny Liston, bingwa aliyeogopwa na mabondia wenzake. Asubuhi, wakati wa kupimwa uzito, Clay alipiga makelele kama mwenye wazimu. Daktari akampima: moyo unapiga mara 120 kwa dakika, na kawaida yake ni 54! Daktari akaona kijana ameingiwa na hofu. Makelele huenda yalikuwa maigizo, lakini moyo kupiga 120 si jambo rahisi kuigiza. Usiku ule ule, kengele ya raundi ya saba ilipolia, Liston hakuinuka kwenye kiti chake. Clay bingwa wa dunia.

Wale tuliosoma bayolojia tunajua: juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Hatari ikitokea, tezi hizo humwaga adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio, ini hutoa sukari, damu huelekea kwenye misuli mikubwa. Ndiyo maana mtu huruka ukuta ambao siku nyingine hata asingeuthubutu. Lakini ina gharama yake. Vidole hupoteza ustadi, hata kubonyeza namba za simu huwa kazi. Macho hung'ang'ania kisu tu, usimwone mwenzake anayekujia ubavuni.

Sasa nyinyi mlioshiba filamu za Bruce Lee, zile mbinu za kunasa kidole na kuzungusha kifundo, siku ya siku zitakutoroka. Jizoeze mambo machache ya mwili mzima: kusukuma, kupiga ukelele, kukimbia. Rudia mpaka mwili ujue wenyewe. Toa pumzi polepole, moyo utatulia kidogo. Na akitaka simu, mpe jamani! Simu inanunuliwa.

Ukishaponyoka, jipapase mwili mzima, maana msukosuko ule hufunika maumivu, na mtu aweza kufika nyumbani ana jeraha asijue. Kutetemeka kutaendelea kitambo hata hatari ikiisha. Kaa chini, unywe maji, umweleze mzazi yaliyokupata.