Kichwa cha Treni na Mabehewa Yake

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Guangzhou)



Nimetakiwa nieleze namna tunavyowafundisha Kiswahili watoto wetu waliozaliwa huku. Jambo hili si la mapambo. Bibi yao aliyeko Tanga huwapigia simu. Humwamkia "shikamoo", kisha maneno yakawakauka.

Njia yenyewe tumeiazima kwa wenyeji wetu. Mtoto wa Kichina huonyeshwa alama ya mti. Miti miwili ikikaa pamoja huwa kichaka, mitatu huwa msitu. Na mtu akiwekwa kando ya mti, maana yake ni kupumzika. Akishayaona hayo hayamtoki tena. Hata hivyo picha ina mpaka wake. Alama ya "mama" ni mwanamke na farasi, na farasi huyo (watoto walicheka sana) hakuletwa kwa maana, bali kwa sauti yake tu, kwani huitwa "ma". Alama nyingi mno za Kichina zimeundwa kwa jinsi hiyo.

Kwetu sisi kisiki kilikuwa ngeli. Mtoto akisema "kikombe mkubwa", kumkemea hakumfundishi kitu. Basi tukaichukua reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Tukatwaa visanduku vitupu vya viberiti, tukavipaka rangi, tukavifunga kwa uzi. Jina ni kichwa cha treni. Maneno yanayolifuata ni mabehewa, nayo huvaa rangi ya kichwa: kikombe kikubwa kimevunjika. Ukiondoa kichwa ukaweka "vikombe", huna budi kubadili mabehewa yote: vikombe vikubwa vimevunjika. Hapo mtoto huiona sarufi kwa macho na kuishika kwa mikono kabla hajaijua kwa jina.

Farasi wetu naye akatokea: "kijana mrefu amefika". Kichwa ni cha rangi ya "ki", mabehewa ni ya rangi ya watu! Tuliwaambia kwamba chenye uhai, awe kijana au kifaru, huvuta mabehewa ya viumbe. Mdogo wao akauliza kama kiti cha Bibi nacho kina uhai, maana husemwa naye daima. Swali hilo nawaachia wazee.

Visanduku vyenyewe viko juu ya meza karibu na mlango. Baada ya chai watoto watawaonyesha, na simu ya Tanga itapigwa saa kumi.