Bei ya Mtungi wa Maji Haianzii Nairobi



Leo sina maneno mengi. Nataka tuongee juu ya mtu ambaye tunamjua kwa jina, tunalijua hata gari lake, lakini kazi yake hatuijui vizuri: MCA wa wadi yako. Kitui iko na wadi 40, Makueni 30. MCA wa Kitui wanakutana Kitui mjini, wale wa Makueni wanakutana mjini Wote.

Mnakumbuka Juni 2024. Tarehe 25 wabunge walipitisha Mswada wa Fedha kwa kura 195 dhidi ya 106. Vijana walikuwa barabarani, na wengine hawakurudi nyumbani. Kesho yake rais akasema hatatia sahihi. Siku hizo kila mmoja wetu alijua mbunge wake alipiga kura gani.

Sasa niwaulize: mswada wa fedha wa kaunti yako umewahi kuusoma? Maana uko, na kila mwaka unapitishwa na MCA, si Nairobi. Ndio unaosema mama mboga atalipa ushuru gani wa soko, leseni ya kibanda ni pesa ngapi, na anayeleta mbuzi sokoni atatozwa nini. Mama akitozwa zaidi, hailipi kutoka mfukoni mwake. Anapunguza fungu la sukuma, na wewe ndiye unayelipa.

Tusidanganyane, MCA hapangi bei ya petroli, wala VAT ya taifa. Hiyo peleka kwa mbunge. Lakini Katiba ya 2010 iliziachia kaunti maji, zahanati, masoko, barabara za mashinani, kilimo na chekechea. Gavana hawezi kutumia pesa ya kaunti kama bunge la kaunti halijaidhinisha. Kwa hivyo ukibeba mtungi wa lita 20 kutoka mbali, ama ukiununua kwa punda wakati wa kiangazi, swali lako la kwanza liko kwa MCA.

Na si ati hawawezi. Makueni mwaka 2014 bunge la kaunti na gavana walivutana mpaka wananchi wakasaini ombi serikali yote ya kaunti ivunjwe. Mambo yalikuwa mabaya. Lakini bunge hilo hilo, mwaka 2015, likapitisha sheria ya kuhifadhi mchanga. Kwa nini mchanga? Aliyekulia Ukambani anajua. Mito yetu inakauka juu, lakini maji yanabaki chini ya mchanga. Akina mama wanachimba shimo, wanangoja, wanateka. Lori zikisomba mchanga kupeleka kwa mijengo, yale maji yanaenda nao. Sheria ile iliweka mamlaka ya kusimamia uchimbaji, ili lori zisibebe kiholela. Mtu akisikia "sheria ya mchanga" anadhani ni mambo ya wenye lori. Kumbe ni bei ya mtungi.

Angalieni pia Makueni Care, ile ya 2016: familia ilikuwa inalipa shilingi 500 kwa mwaka, inatibiwa kwa hospitali za kaunti. Haikuwa zawadi ya mheshimiwa. Ilikuwa bajeti.

Sisi nasi tuna makosa yetu. Tunamwita MCA kwa matanga, harambee, karo na jezi za timu. Akitoa tunasema ni mtu wa watu. Hatumuulizi alisema nini bungeni. Mtu unayemtaka atoe pesa mfukoni kila wiki, utashangaaje akiitafutia njia ya kurudi?

Nilihudhuria kikao kimoja cha bajeti. Ukumbi ulijaa wazee, vijana tulikuwa watatu. Mama mmoja wa sokoni akasimama akauliza choo cha soko kitajengwa lini. Hakupewa jibu. Lakini swali lake liliandikwa kwa kumbukumbu za kikao. Malalamiko yetu ya kwa kibanda hakuna mahali yameandikwa.

Basi shikeni tarehe. Makadirio ya bajeti yanafaa kufika bunge la kaunti kufikia Aprili 30. Bajeti inafaa kupitishwa kufikia Juni 30, na mswada wa fedha wa kaunti unafuata ndani ya siku 90. Ukienda Agosti kuulizia kisima, umechelewa mwaka mzima.

Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye kazi yake wazi na lihusishe wananchi. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kupeleka ombi la maandishi. Huhitaji wakili. Karatasi moja: shida ni hii, iko kijiji hiki, tunaomba hiki, majina na sahihi. Mpelekee karani wa bunge, abaki na nakala, nawe ubaki na yako iliyogongwa muhuri.

Ukiwa Mwingi, Mutomo, Kibwezi ama Mtito Andei, kazi ya wiki hii ni moja. Keti na wenzako watano, waislamu kwa wasio waislamu, maana kiu haichagui. Chagueni jambo moja la wadi yenu. Moja tu. Liandikeni. Halafu mwende nalo pamoja, na mkirudi mtuambie muhuri umegongwa.

Wassalamu alaykum.